Ya Kofi na ya Hamali

Brandur, usinunue betri kwa uzuri wa ganda.
Ipindue. Tafuta tarehe iliyogongwa ubavuni.
Ikiwa imekaa rafuni kuliko mimba ya ng'ombe,
mwachie Hallvarður betri yake na tabasamu lake.

Mashua inataka mbili, na si pacha.
Moja ya kofi: inaizaba injini mara moja, inaketi.
Moja ya hamali: inabeba mashine tatu za mishipi,
redio, taa ya mlingoti, birika langu la kahawa,
kutwa nzima, bila kunung'unika.
Mtwike mwenye kofi mzigo wa hamali
na kufikia Agosti sahani zake za risasi
zimebanduka kama ukoko.

Babu yako alikuwa na moja tu, ya trekta.
Mwaka wa theluji ya Mei, nje ya mdomo wa ghuba,
chewa walipanda kama deni
naye hakutaka kuzima mashine hata moja.
Jioni akazungusha ufunguo: tik.
Tik.
Redio nayo kimya. Kilo mia sita za samaki
na mtu mmoja, wakielea pamoja.
Aliyemvuta hadi gatini ni Ketilríður,
ambaye hawakuwa wakisalimiana.
Daftarini aliandika: *Betri. Kamba, mita arobaini.*
Basi.

Kwa hiyo: nusu. Usishuke chini ya nusu.
Inayobaki si yako, ni ya kurudia nyumbani.

Jumamosi fungua vizibo sita, chungulia.
Sahani zikitokeza kichwa, ongeza maji ya betri.
Ya bomba letu yametoka kwenye barafu ya mlima,
Aisilandi nzima inayasifu,
lakini betri haina uzalendo.
Ile kutu ya kijani imwagie magadi,
sugua kwa mswaki (si wangu), paka grisi.
Hasi hutoka kwanza, hasi hurudi mwisho.
Na vua pete. Unaona alama hii?
Spana, chanya, pete ya ndoa, vyote vikagusana.
Kovu limedumu kuliko ndoa.

Oktoba zipeleke ghalani, zikiwa zimeshiba.
Baridi haiui betri iliyoshiba, huua yenye njaa.
Acha dirisha wazi kidogo: zikila hutoa gesi,
na gesi hiyo haitaki sigara ya Babu.

Hata hivyo havuti tena tangu Februari,
tangu walipomtia betri kifuani,
ndogo kama biskuti.
Daktari alisema itamfaa miaka kumi.
Mzee akauliza kama imegongwa tarehe.
Kisha, akifunga vifungo vya shati polepole:
"Na ya pili iko wapi?"

Daktari alicheka.
Mimi nilitazama viatu vyangu.

Haya, shika upande huo. Kilo ishirini na nane.
Inua kwa magoti, si kwa mgongo.