Haijachoka, Inangoja

Saa tatu na nusu asubuhi, ofisi ya ushirika, Cheyo.
Nje ndoo zimepangwa ukutani, za njano, za bluu,
kila mfuniko umekazwa kwa mpira wa baiskeli,
na nyuki watatu wanne waliofuata mali yao tangu Sikonge
wanatembea juu ya mizani.
Mizani inapima. Kompyuta haitoi stakabadhi.
Kashindye wa dirishani amebonyeza, amesubiri,
amebonyeza tena, amepiga meza.
"Imezeeka," anasema. "Mwenyekiti anunue nyingine."

Mimi sibishani na mtu mwenye foleni.
Nikaingia chumba cha nyuma, kwenye seva na feni yake,
nikafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe,
nikaandika herufi tatu, nikagonga.

Nambari zikamwagika kama siafu.
Juu kabisa, mzigo, umeandikwa mara tatu:
wa dakika moja, kumi na nne;
wa dakika tano, kumi na mbili;
wa robo saa, sita.
Soma kutoka kulia, Ngasa alinifundisha,
utajua kama jipu linaiva au linanywea.
Linaiva.

Lakini prosesa, asilimia tatu tu.
Kumbukumbu, nusu haijaguswa.
Mzigo wote huo kichwani, na jasho hakuna?
Nikasogea mbele kidogo, kwenye herufi mbili
ambazo wengi huziruka: *wa*.
Tisini na moja, *wa*.
Walioziandika walimaanisha kungoja.
Mimi nikazisoma kwa lugha yangu, nikaona sentensi haijaisha.
Wa nani?

Nikaomba orodha ya wanaoandika diskini.
Jina la kwanza: ngasa,
kwa herufi ndogo, kama mtu aliyevua viatu mlangoni.

Ngasa tulimzika Uyui, mvua za kwanza.
Hakuna aliyefuta jina lake.
Kila robo saa programu yake fupi inaamka,
inanakili vitabu vyote vya mizani,
tangu mwaka ule paa lilipovuja
na majina ya warina asali yakawa wino sakafuni.
Wakati huo vitabu vilikuwa vichache, robo saa ilitosha.
Sasa nakala moja haijaisha, nyingine inaanza:
akina Ngasa kumi na wawili
wanagombea mlango mmoja.

Amri ipo. Kwa Kiswahili ni *ua*.
Neno lilelile la ua la mtundu ambalo nyuki hulirudia,
lilelile la ua wa nyuma, unaofagiliwa kabla ya chai.
Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Niliwaua kumi na mmoja. Siwezi kulisema vingine.
Wa kumi na mbili nilimwacha amalize,
kisha nikafungua ratiba yake, nikafuta robo saa,
nikaandika: saa nane usiku, mara moja,
tena kwa adabu ya kuwapisha wengine.

Tisini na moja ikawa arobaini, ikawa sita.
Mzigo wa dakika moja ukaanguka kwanza;
wa robo saa ulibaki juu kidogo, ukikumbuka.
Dirishani printa ikakohoa.
Milembe Kasubi, kilo kumi na nane na nusu.
Akaisoma stakabadhi mara mbili,
akauliza mashine ilikuwa inaumwa nini.
"Haikuumwa, mama. Ilikuwa inangoja."
"Kwani sisi tulikuwa tunafanya nini?"
Akachukua ndoo yake tupu, akaenda.

Usiku, nyumbani Isevya, umeme upo.
Nimeingia kwenye seva kwa simu. Sina sababu.
Saa nane kasoro dakika, orodha imelala,
mzigo sifuri nukta sifuri mbili.
Saa nane na sekunde moja
jina lenye herufi ndogo likapanda hadi juu,
likakaa dakika arobaini,
likashuka.