Kadi ya Ishirini na Tano

Zinaning'inia kando ya chingamu na betri,
kadi nyembamba, kila moja na tundu kichwani.
Mpaka nizipitishe kwenye mwanga hapa kaunta
ni plastiki tupu, hazifikii hata bei ya kibiriti.
Tiii moja ya mashine ndiyo inayozitia uhai.
Miaka kumi na mmoja natia uhai plastiki
katika duka hili la Wuppertal, chini ya reli
ambako treni hupita ikining'inia kama popo
na chupa za mvinyo kwenye rafu hutetema kidogo.

Watu wetu wana mkono wa birika, nakwambia.
Akizidishiwa senti nne kwenye siagi, Bibi Irmtraud
hurudi na risiti, mvua imnyeshee, toka mtaa wa juu kabisa.
Hita yake haiwashwi kabla ya Novemba.
Lakini Jumatano hununua funguo,
funguo za bustani isiyo na udongo,
za lango ambalo akilifungua
hukuta lango jingine.
"Ni bei ya keki na kahawa," asema,
"na keki hunipandisha sukari."
Sina la kumjibu. Sukari yake naijua.

Na Taylan, wa miaka kumi na miwili,
huburuta mfuko wa chupa tupu hadi kwenye mashine ya nyuma,
senti ishirini na tano kila chupa, anailisha moja moja,
anasikiliza zinavyopondwa, midomo inahesabu.
Chupa arobaini, kadi ya kumi.
Haba na haba kibaba kikajaa,
kisha kibaba kizima kikawa kofia
ya mtu asiyejua baridi.
Yeye mwenyewe masikio wazi, mekundu, Januari.

Lakini nilitaka kusema habari za Bwana Brodesser.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo:
mkate mweusi, soseji ya ini, kadi ya ishirini na tano.
Noti taslimu, zimekunjwa mara nne.
Mwanawe Jorin yuko Rostock na mamaye.
Simu hapokei. Barua, ah.
Ila usiku wa Ijumaa walikutana
kwenye bonde lenye theluji ya zambarau,
baba na upinde, mwana na shoka,
na katikati ya kuua majoka kijana humtupia neno.
"Siku hizi ana sauti nzito," aliniambia mara moja,
akijisahau, foleni nyuma yake ikikohoa.

Mwaka huu ofisi kuu imetubandikia karatasi:
matapeli wamezidi, wazee wanaliwa,
kila anunuaye kadi aulizwe.
Basi nikauliza, kazi ni kazi:
"Unamjua unayempa?"

Treni ikapita juu.
Akatoa kijidaftari mfuko wa koti.
Mali bila daftari huisha bila habari,
lakini yeye daftari alikuwa nalo, safu tatu:
tarehe, yuro, alichosema mtoto.
*Kavunjika kidole.*
*Kafeli hesabu, nisimwambie mama.*
*Amecheka.*
Kisha tarehe, ishirini na tano, patupu.
Tarehe, ishirini na tano, patupu.
Ukurasa mzima namna hiyo.

"Nilimjua," akasema. "Inatosha?"

Kwenye skrini yangu kuna ndiyo na hapana tu.
Kidole changu kikabaki hewani.

Ni Taylan, nyuma yake, na risiti yake ya chupa:
"Mzee, gemu hiyo imekufa. Wote wamehamia kwingine."
Si kwa dharau. Kama mtu anayeelekeza kituo cha basi.
"Wapi?"
Mtoto akataja, herufi baada ya herufi,
na Bwana Brodesser akaandika, polepole,
kwenye safu ya tatu.

Kadi ilikuwa bado mkononi mwangu, plastiki tupu.
Nyuma foleni ikakohoa tena.
Nikabonyeza kengele, nikaita:
kaunta ya pili inafunguliwa.