Kabla ya Magari

Saa kumi alfajiri Sietske ananivuta shuka:
"Leo joto litapasua vigae. Amka."
Chupa ya chai, mkate wa jibini,
pichi tatu, kila moja na soksi yake, zisipondeke.
Tunatoka Haarlem kwa baiskeli, bila neno,
barabara tupu kama sahani iliyorambwa.

Zandvoort. Maji bado yana ubaridi wa usiku.
Mwenye viti vya kukodi amelala juu ya mali yake.
Tunaoga. Sietske anapiga yowe kila wimbi,
miaka sitini na minane, anapiga yowe.
Pichi moja tunagawana, kokwa tunaifukia mchangani
kama wezi.

Saa nne tunageuza.
Njia nzima imeganda: bati kwa bati, honi, watoto wekundu,
maboya yamebanwa kwenye vioo.
Na nani yule? Wiebe, jirani yetu,
aliyetucheka jana: "Kwani bahari inahama?"

Sietske anafunga breki.
Nangoja. Ulimi wake naujua.
Anachomoa soksi kikapuni,
anampa pichi dirishani,
ina chumvi kidogo.

"Haihami, Wiebe," anasema. "Kula."