Koti la Barafu

Mbeyu alikata kamba za robota kabla jua halijatoka,
Kongowea, Jumanne, siku ya mzigo mpya.
Tulitaraji madera, fulana, kaptura za watoto.
Yakamwagika makoti.
Makoti yenye vifua vilivyovimba kama kuku wa mayai,
makoti ya nchi ambako pumzi huonekana,
nasi ni mwezi wa tatu, Mombasa,
hata kivuli kinatafuta kivuli.

Akacheka, kisha akanyamaza. Pesa ilikuwa ya mkopo.
Kamera zilichukuliwa na mtu wa Limuru kwa bei ya huruma.
Yaliyobaki yakaitwa fagia,
na fagia twajua iendako:
usiku, mkokoteni, mikoko ya Tudor.
Nimeona mkoko umevaa sidiria.
Nimeona kaa akitoka kwenye mkono wa sweta
kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Robota lilipigwa lakiri, likalipiwa ushuru, likapita.
Lina karatasi kunishinda mimi,
niliyeambiwa, ili nipate kitambulisho,
nilete cheti cha babu.

Nikachukua moja, dogo, la mtoto, la buluu.
Mimi fundi. Nguo huisoma kwa ndani.
Ukosini palikuwa na kitambaa, na jina kwa uzi mwekundu:
Maarit.
Herufi za mkono, si za mashine,
na mwisho wa uzi mafundo mawili,
na la tatu, la wasiwasi.
Fundo hilo nalijua.
Mamangu alilifunga vivyo hivyo
kwenye mkoba wangu wa chuoni.

Wewe uliyeshona, uliko,
wako ulimhofia baridi.
Wangu namhofia joto.
Sikukuchukia. Nataka ulijue hilo,
ingawa kuna siku nikifagia hukaribia.
Ulilikunja, ukalitia mfukoni, ukasema litampata mhitaji.
Hukusema wapi. Hukuulizwa.
Nami nimetupa mangapi bila kuuliza?
Ile mifuko ya plastiki, kabla hatujakatazwa,
iko wapi leo?
Huenda imebisha hodi kwenu.

Koti halina joto lake.
Nililitambua hilo nimevaa mkono mmoja tu, jasho lanitiririka.
Hukuwekea ulichonacho:
ukiwa na moto, moto.
Ukiwa na barafu,

nikaenda kwa Shekue, muuza ukwaju wa Mwembe Tayari,
ambaye barafu yake siku hizi haifiki adhuhuri
na umeme ukikatika huuza uvuguvugu
na kuapa kuwa ni dawa ya tumbo.
Nikafumua makoti matatu, nikashona vazi la ndoo,
pamba ndani, nailoni nje, kifuniko cha zipu.
"Waivisha barafu koti?"
"Ngoja alasiri."
Alasiri akafungua zipu.
Donge lilikuwapo, limepungua kidogo
kama senti za mtu mwangalifu.
Hakusema kitu. Alinimiminia gilasi, akakataa pesa,
na kwa Shekue hiyo ni hotuba.

Tumeshona saba mpaka sasa. Mbeyu ananihesabia fagia kwa kilo.
Saba si nyingi.
Mikoko bado imevaa,
na robota la Jumanne ijayo liko baharini tayari,
halijui linakokwenda, linakuja tu.

Jina sikulifumua. Liko mbele, juu ya zipu.
Wanywaji huuliza: Maarit ndiye nani?
Shekue mara husema shangazi, mara kampuni.
Jana alimwambia mtoto mmoja: huyo ndiye mwenye barafu.
Mtoto akanywa, akarudisha gilasi,
akaliambia koti ahsante.