Alama Nne za Chaki

Moteri ya zamani ilifia barabara ya Likasi,
chini ya magunia ya makaa, saa tisa ya mchana,
na Mwilambwe akaizika palepale kwa matusi.
Hii mpya (nasema mpya kwa heshima tu)
aliinunua Kasumbalesa, kwa mtu aliyekataa
kutaja gari lililoizaa.
Siku tatu tuliibembeleza ilale kitanda cha mwingine:
tukakata vyuma, tukachomelea miguu,
tukafupisha bomba, tukarefusha maneno.
Ikakohoa. Ikawaka.

Ikabaki saa ya mizunguko,
ile ya duara, ya soko la Njanja, yenye taa ya buluu,
ambayo Mwilambwe anaipenda kuliko breki.
Moteri inanguruma, viti vinatetemeka,
mshale umelala kwenye sifuri.

"Imekufa," anasema.
Bado, baba. Kwanza tuulize.

Waya mwekundu: volti kumi na mbili na chenji. Mzima.
Waya mweusi: Chola ameufunga juu ya rangi.
Mara ngapi nimemwambia, rangi ni nguo,
umeme unataka ngozi.
Kisu. Kwaruza. Kaza bisi.
Mji mzima umekaa juu ya shaba
nasi tunahangaika kugusisha uzi mmoja.
Taa ikaacha kupepesa.
Mshale, wapi.

Ukabaki waya wa kijani.
Nikaufuata kwa kidole, nimepiga magoti kwenye oili,
hadi ulipoishia: kwenye bobini ya zamani,
tuliyoisahau ubavuni kama picha ya marehemu.
Nikacheka peke yangu.
Yule wa kwanza alikunywa esansi, alikuwa na buji,
na saa ilikuwa ikihesabu cheche zake.
Huyu anakunywa mazutu. Cheche hana.
Anaibana hewa mpaka hewa yenyewe ikasirike.
Siku nzima tunamwita kwa jina la mke mwenza
na kushangaa haitiki.

Nyuma ya altaneta kuna kijino cha W,
kina kutu, hakijaguswa na mtu.
Nikapeleka uzi pale.
Mshale ukaruka kama aliyeitwa kwao:
elfu mbili na mia tatu!
Na moteri imetulia, inatafuna polepole kama mbuzi.
Mwilambwe akapiga makofi. Shusha mikono, nikamwambia,
bubu amepata sauti, ukweli bado.

Puli ya altaneta ni ndogo, ina haraka zake,
saa haijui hilo. Mgongoni ina bisi ya kuirekebisha,
lakini niirekebishe kwa kufuata nini?
Sikio langu? Sikio langu lina njaa tangu asubuhi.

Tukangoja umeme.
Umeme wa Katuba huja kama shemeji, usiku, bila hodi.
Nikachora chaki kwenye puli kubwa, alama nne, msalaba.
Saa nne kasoro, neoni ya ukutani ikasitasita, ikakubali.
Taa ile huzimika na kuwaka mara mia kwa sekunde,
ni jicho tu linalodanganyika;
na hesabu niliyochapiwa Kamalondo haikunitoka:
mia gawa kwa nne, zidisha kwa sitini.

Chola, kanyaga. Taratibu.
Alama zikawa nane, zikawa ukungu,
zikarudi kinyumenyume kama zinakataa,
kisha (shikilia hapo! hapo!)
msalaba mmoja mweupe, umesimama tuli
juu ya chuma kinachozunguka kwa hasira.
Elfu moja na mia tano.
Ndipo nikageuza bisi, unywele kwa unywele,
mpaka mshale nao ukasema vilevile.

Umeme ukakatika kabla sijafuta mikono.
Msalaba ukatoweka.
Gizani ikabaki duara ya buluu,
na Mwilambwe ameiinamia, pumzi yake kwenye kioo.
"Sasa, kabla yangu, imetembea kilometa ngapi?"
Hilo haliulizwi hapo, nikasema.
Chola, toa mguu.