Mashine Namba Sita

Betri nne. Tatu nzima,
ya nne imevimba tumbo kama aliyeshindia mihogo mibichi.
Lorimer wa stoo akaipima kwa kidole gumba:
hii iache hapa, isije ikakulipukia.
Basi tatu.
Usiku huu nalala nazo kitandani ndani ya soksi ya sufu,
maana baridi ya Dundee hunyonya umeme
kama kupe, kimyakimya,
na hujui mpaka kioo kimekuwa cheusi mbele ya uso wako.

Lenzi mbili, fupi na ndefu.
Ndefu ina mkwaruzo mwembamba, unywele uliozama kwenye chai.
Kila aliyeiazima ameandika daftarini *niliukuta*,
tarehe chini ya tarehe, *niliukuta*, *niliukuta*,
nami nikaandika niliukuta.

Kadi za kumbukumbu nimezifuta.
Kabla ya kufuta nilichungulia:
mbwa anakimbia kwenye theluji,
mtu asiyejulikana anacheka sekunde nne, kisha giza.
Kidole kikasita. Nikabonyeza.

Maikrofoni na koti lake la manyoya,
ambayo Kirsty, fundi wetu wa sauti, huiita Paka,
neno lake la kwanza la Kiswahili
na mpaka sasa la mwisho.

Halafu ruhusa.

Niliiomba halmashauri mita sita za njia ya miguu,
Jumanne, saa moja na nusu tu.
Wakaniletea fomu ya kurasa kumi na moja.
Ukurasa wa saba: *Taja madhara yanayoweza kutokea.*
Nikaandika: mtu kujikwaa kwenye waya.
Nikaandika: mvua.
Nikaandika: mama yangu kujiona.
Hilo nikalikata.

Bi Crolla, mwenye duka la kufulia,
aliisoma barua yangu vidole vikiwa na unga wa sabuni.
Pigeni mnachotaka, akasema, ila namba sita, hapana.
Namba sita inavuja.
Baba yangu hakuwahi kuwa na mashine inayovuja.
Nikachora ramani: mashine kumi ukutani,
ya sita nikaitia kivuli,
na kamera nikaielekeza kando,
kama mtu anayepishana na mkwe.

Aliyebaki ni Mama,
anayekunja shuka za nyumba za wageni
mbele ya mashine hizohizo, zamu ya alfajiri.
Nikamfasiria fomu mezani, sahani hazijaondolewa:
*ninaridhia sura yangu na sauti yangu zitumike,
ulimwenguni kote, milele,
kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa.*

Milele? Akacheka hadi akakohoa.
Hata siku ya nikaha sikuulizwa hivyo.
Kisha akanyamaza.
Sahihi yangu nimeiacha kila dirisha la nchi hii,
uhamiaji, benki, hospitali, shuleni kwako.
Hakuna aliyenisomea kwanza. Soma tena.

Nikasoma tena.
Sawa, akasema. Lakini mikono yangu usiipige.

Mikono!
Kurasa tatu za mswada wangu ni mikono.
*Mikono inashika pindo. Mikono inalainisha.*
Nilikuwa nimeipenda kwa mbali, kama mwanafunzi,
ule wekundu, zile nyufa;
nikasahau kwamba ni jiki iliyoziandika,
na kwamba zinauma.
Akaenda kulala. Fomu ikabaki karibu na chumvi.

Nimeukata mswada hadi saa nane.
Shuka itajikunja yenyewe, nikawaza, tutaiona kwa nyuma,
jeupe tupu linalopungua, kisha uso.
Si mbaya. Si filamu niliyoiota.

Saa kumi mlango umefungwa taratibu; amenitangulia.
Chini ya birika, fomu.
Jina lake kwa herufi za chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto,
na pembeni, kwa zile nyingine, kwa tabu:
*Mmoja tu. Wa kushoto.
Usisogee karibu.*

Nimezitoa betri kwenye soksi. Zina joto.
Lenzi fupi nimeiacha mezani.
Ile ndefu, ya mkwaruzo,
nimeiweka juu kabisa ya begi.