Mgongo wa Kibao

Kibao cha kwanza kilinisaliti saa nne usiku.
Nilishakitoa tanurini, kimepoa,
nimeshaanza kujisifu kimoyomoyo,
kikasema tik,
na buluu ikabanduka kwenye shaba
kama ganda la yai la kuchemsha.
Kilichobaki: GONGA KWA NGU.

Ni cha Mwalimu Majura wa Pasiansi,
aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja
jirani na kengele ya shule, hadi masikio yakagoma.
Anataka mlangoni herufi nyeupe juu ya buluu:
GONGA KWA NGUVU.
Amelipa nusu. Hiyo nusu nimenunulia unga wa kioo.

Cha pili nililaumu vidole vyangu.
Mchana nilikula sangara wa kukaanga,
na mafuta hayana adabu:
yalijificha juu ya shaba, yakachemka chini ya kioo,
vishimo, vishimo, uso wa aliyepona ndui.
Nikachukua shaba nyingine, nikaisugua kwa ndimu na chumvi
mpaka maji yakatandaa juu yake bila kujikusanya,
nikaishika kingo tu, kama picha ya marehemu.
Ikatoka laini.
Asubuhi ina ufa toka G mpaka A.

Cha tatu, umeme.
Tanuri limefika mia saba na ushee,
Mabatini nzima ikazimika.
Kioo kikabaki njiani,
ngozi ya chungwa, si unga si kioo.
Hicho sikukitupa. Umeme uliporudi
nilikirudisha motoni, dakika mbili na kidogo,
mpaka uso ukalala
kama ziwa siku upepo umesahau kuja.
Nikakitoa, nikafurahi.
Tik.

Mlango wa pili Holo anapika chapati.
Nilisimama pale na deni langu la chai,
nikaona moja aliyoisahau kikaangoni:
imeinua kingo, imejikunja mabega.
"Hii imenuna," akasema. "Upande mmoja umeungua,
mwingine hauna habari."
Akaigeuza, akaendelea kumgombeza muuza mkaa.

Nilirudi mbio. Nadhani chapati yangu sikuilipia.

Mgongo!
Shaba husinyaa kivyake, kioo kivyake,
nami nilikivika kibao kifua peke yake,
nyuma nikakiacha uchi, kivutwe upande mmoja.
Nikakung'uta makopo yote:
kijani cha juzi, manjano ya harusi ya mtu,
fagio la buluu kutoka mezani,
nikapaka nyuma, asikosoma mtu.
Nikachoma nyuma kwanza.
Kisha mbele, mara tatu, tabaka jembambajembamba.
Nikakiacha kipoe juu ya tanuri, taratibu,
dirisha nimelifunga, upepo wa ziwa ubaki huko huko.

Nilikaa nacho mpaka saa tisa,
sikio juu ya meza.
Mbwa wa Igogo. Bomba linadondoka.
Kibao, kimya.

Mwalimu Majura alipokipokea hakusoma mbele.
Alikipindua, kama daftari la mwanafunzi anayemshuku.
"Huku nyuma mbona umechafua?"
Nikamweleza.
Hakusikia.
Nikaeleza kwa nguvu.